Mpaka Chini ya Kitambaa

Siku tatu mfululizo mzee mmoja alikuja kwenye maonyesho yangu hapa mjini Andong, akasimama mbele ya ramani ile ile. Ni ramani kuukuu ya kijiji chetu kilichozama kwenye bwawa, nami nimetarizi nyumba na miti yake kwa hariri. Nilimshuku kuwa mwizi wa kazi za watu.

Siku ya tatu nikamfuata. "Mzee, unatafuta nini hapo?"

"Mipichi yetu. Umeishonea upande wenu wa mpaka."

"Baba yangu ndiye aliyenionyesha ilipokuwa."

"Ehe! Yule asingekuonyesha kwingine."

Hasira zikanipanda. Nikachukua mkasi nikafumua nyuzi za mipichi, ramani yenyewe imwaibishe mbele ya watu. Chini ya nyuzi palikuwa na kitambaa alichokibandika baba mwenyewe, kabla sijaanza kushona. Nilipokibandua, mpaka kati ya kwetu na kwao ukaonekana, na alama ya bustani ya mipichi ilikuwa upande wao.

Niliweka mkasi chini.

"Yote yako majini sasa, binti yangu," mzee akasema.

Nikamsogezea kiti, akachagua rangi ya uzi. Nilishona mipichi upya upande wao, huku nikiitazama kwa mashaka kila nyumba aliyonionyesha baba.