Mwezi Kumi na Tano

Mjukuu wangu Lightness alinipigia simu kutoka Dar es Salaam nikiwa nachambua mchicha. Alisema wanakuja likizo, yeye, mumewe Nikodemo na binti yao Debora wa miaka mitano. Siku nne, kuanzia tarehe kumi na mbili hadi kumi na tano. Walikuwa wameshalipia nyumba ya kulala ng'ambo, kisiwani.

"Sasa Bibi, wewe ndiye mwenyeji. Tuchagulie bichi."

"Bichi nini? Embe au nazi?"

Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Ufukwe, Bibi! Pa kuogelea. Kisiwa chote hicho, hata hatujui pa kuanzia."

Nikamwomba siku tatu.

Mimi sikuzaliwa pwani. Kwetu ni milimani, Umatumbini, ambako maji ni ya kisimani na hayaendi popote. Nilishuka Kilwa Masoko kuolewa na marehemu Laurenti, aliyefanya kazi bandarini, na ndiye aliyenifundisha kwamba huwezi kusema pwani hii nzuri na ile mbaya mpaka kwanza useme ni saa ngapi na mwezi wa angani una siku ngapi. Laurenti ana miaka kumi na mmoja kaburini. Debora nilimshika mara moja tu, akiwa na siku arobaini. Kwa hiyo Lightness aliposema nyumba imeshalipiwa, nilielewa kuwa kwangu hawatalala. Nikataka basi angalau wapitishe jioni moja uani kwangu.

Kesho yake nikavuka. Nauli nikatoa, viatu nikavua, nikazunguka zile fukwe moja moja kama mtu anayechagua maharage. Ya kwanza ina mchanga mgumu, na maji yakitoka yanaacha dimbwi kubwa la kufika magotini, safi, mtoto anacheza bila mama yake kushika roho. Ya pili ina kivuli, ila kivuli chenyewe ni cha jioni, asubuhi utaungua. Ya tatu inatazama bahari kuu, mchanga wake unalia chini ya nyayo, lakini mkondo una nguvu, mtu asivuke kiuno. Kuna na ya nne, ambako wanawake wa kisiwani wanachokoa pweza. Hiyo nikaiacha. Ni mahali pa kazi za watu, na mawe yake yana vidude vya miiba vinavyokatikia unyayoni.

Niliporudi nilimwita Witness, mshonaji kutoka Mtanda kule Lindi, aliyepanga chumba cha nyuma kwangu. Simu yangu ni ya tochi, yake ndiyo inayotuma ujumbe mrefu. Nikamsomea kutoka kwenye daftari, naye akaandika. Nikamwambia asisahau kuwa wakipita kijijini wajifunge khanga, kule watu wana heshima zao.

Halafu nikasema, "Na ya mwisho ni hapa nyuma ya nyumba yangu. Ndogo, ina mti wa mkungu wenye kivuli, na mchanga mweupe."

Witness akainua uso. "Mchanga mweupe, Bibi Katarina? Hapo nyuma? Juzi ndala yangu imebaki humo kwenye tope!"

"Wewe andika."

"Mweupe kama nini, niandike? Kama makaa?"

"Andika, Witness."

Akaandika, mabega yakimtikisika kwa kucheka. Mimi sikucheka. Nilijua ninachofanya. Mwezi ukifika kumi na tano, umejaa, maji ya bamvua yanapanda kupita siku zote, na ikifika saa kumi alasiri yamefunika tope lote mpaka shinani pa mkungu. Yanakuwa ya kijani, yametulia. Saa kumi ya siku hiyo hakuna mtu angeweza kunibishia. Na nilikuwa nimehesabu: mwezi kumi na tano unaangukia tarehe kumi na mbili, siku yao ya kufika. Nikamwambia Witness, "Malizia hivi: waje kwangu mwezi kumi na tano, saa kumi."

Tarehe kumi na mbili Lightness akapiga simu mchana. "Bibi, shikamoo. Tumefika Masoko, tunavuka tukaweke mizigo. Tutakuja kwako kama ulivyosema."

"Marahaba. Haya, mama. Nawasubiri."

Nikapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikafagia uwanja, nikatandika mkeka chini ya mkungu. Saa kumi maji yakaja kama nilivyoyaagiza. Hata jani lililoanguka lilikaa juu yake bila kutikisika. Nikakaa. Saa kumi na moja nikafunika sahani. Jua lilipokaribia kuzama nikasema moyoni, wameuliza watu, wameambiwa ule mchanga ni uongo.

Witness akarudi na cherehani yake kichwani. "Bibi, mbona umepikia jeshi?"

"Wageni wangu hawajaja."

"Watakujaje leo? Si umesema tarehe kumi na tano?"

"Nilisema mwezi kumi na tano."

"Ndiyo. Nikaona umekosea. Miezi ni kumi na miwili tu, Bibi, kumi na tano itoke wapi? Nikakurekebishia, nikaandika tarehe."

Nikamtazama mtoto wa watu, amesimama na cherehani, anangoja ashukuriwe. Nikamwambia atue mzigo ale.

Kesho yake, saa tano asubuhi, nikapiga simu niwaambie waje siku hiyohiyo, maji bado makubwa. Kabla sijafungua mdomo Lightness akasema, "Bibi, tuko kwenye lile dimbwi! Debora hataki kutoka. Nikodemo anasema wewe wakuajiri uwatembeze watalii." Nikasikia sauti ya mtoto, na maji yakipigwapigwa.

"Nilitaka kujua kama mmelipata," nikasema.

Wakaja tarehe kumi na tano. Wala si saa kumi. Walikuja saa sita mchana, kwa sababu Nikodemo alitaka wafike Dar mapema. Maji yalikuwa yameondoka yote. Nyuma ya nyumba palikuwa tope jeusi mpaka kwenye mikoko, linanuka, kaa wanakimbia huku na huku.

Nikodemo akasimama na raba zake nyeupe. "Mke wangu," akaniambia, maana ndivyo tunavyotaniana, "huu mchanga mweupe umefuliwa kwa sabuni gani?"

"Niliwadanganya," nikasema. "Mchanga mweupe hapa haujawahi kuwapo. Nilitaka mje."

Lightness hakucheka. Alinishika mkono, akasema, "Bibi jamani, tungekuja tu," huku akitazama saa.

Debora alishakimbia. Hatua tatu, tope likamfika kwenye mashavu ya miguu, akalia. Baba yake akamvuta, mguu ukatoka, kiatu kikabaki: kiatu cha mpira cha rangi ya waridi. Nikodemo akapapasa kwa fimbo, hakukiona. Wakala wali wamesimama, nusu sahani. Saa nane gari likaondoka, na Debora akanipungia mkono kioo kikiwa kimepandishwa.

Maji yalirudi saa kumi na mbili. Hayakufika mkunguni, ila yalifunika tope lote. Niliyatazama mpaka nikashindwa kuona yanapoishia.

Siku iliyofuata, maji yalipotoka, niliingia na jembe dogo la bustani. Nilichimba taratibu kama mtu anayetoa muhogo asioutaka uvunjike. Kwenye saa nane nikakipata. Nikakiosha kwa maji matatu, nikakisugua kwa mswaki, nikampigia Lightness.

"Kiatu cha Debora kimepatikana."

"Ah, Bibi! Ulienda kukitafuta? Kimoja cha nini? Kile kingine nimeshatupa, tumemnunulia vingine."

"Haya, mama. Msalimie."

Nimekianika juu ya ukuta wa jiko. Witness aliniuliza nakisubirishia nini, nikamwambia kinakauka. Kisha nikamwomba anishushie kalenda yake ya ukutani, anionyeshe tarehe, nikahesabu usiku kwa usiku kwa ncha ya kidole mpaka nikaufikia mwezi kumi na tano unaokuja. Nikamwomba kalamu, nikauzungushia duara mwenyewe.