Mapigo Mia Mbili na Nane

Mjukuu wangu Kemilembe aliingia nyumbani kwetu Ijuganyondo amenuna, akalitupa begi la kompyuta kitandani. Begi lile halitupi hata akinyeshewa mvua, kwa hiyo nikajua kuna jambo.

"Wameninyang'anya, Bibi."

"Nani hao?"

"Kamati ya tamasha kule Muleba. Waamuzi walinichagua katika kundi la muziki wa asili wa kompyuta, halafu mwenyekiti akapima mapigo. Anasema yangu si asili, ni singeli. Na kundi la singeli limejaa."

Nilikuwa namenya ndizi. Nikaweka kisu chini. Wimbo wake naujua kuliko kamati yote, maana miguu inayosikika ndani yake ni ya mwanangu Rugambwa, baba yake Kemilembe, akikanyaga ndizi mbivu za rubisi kwenye mtumbwi wetu wa pombe nyuma ya nyumba. Kemilembe aliweka simu kando ya mtumbwi, akanasa ile chwa-chwa ya nyasi na ndizi, akaitia kwenye kompyuta, akaongeza ngoma na besi mpaka kuku wakahama uwanja. Miezi minne ya kazi. Na aliyechaguliwa ndiye atakayepiga muziki siku ya ufunguzi wa tamasha, Bukoba mjini, mbele ya watu wote.

"Singeli imeingiaje kwenye ndizi zangu?"

"Kwa mbio, Bibi. Mwenyekiti ana karatasi. Mapigo mia na kumi kwa dakika ni amapiano. Mia na ishirini na tano ni haus. Yakipita mia na themanini ni singeli. Asili isizidi mia na arobaini. Amenipa hadi Jumamosi: nipunguze mwendo au nafasi aipate mwingine."

"Umejaribu kupunguza?"

Akaupiga ule uliopunguzwa. Waitu! Ulisikika kama msafara wa mazishi uliopotea njia.

"Zima," nikamwambia, "kabla majirani hawajaleta pole."

Jumamosi nikavaa gauni la kanisani, tukaenda wote Muleba.

Mwenyekiti alikuwa Ishengoma, tabibu mstaafu. Miaka arobaini ameshika mikono ya wagonjwa akihesabu mapigo ya moyo, na sasa kastaafu, mikono imekosa kazi. Basi wimbo wetu ulipoanza, aliweka kiganja juu ya spika, akaikodolea macho saa yake, midomo ikichezacheza. Nilidhani ataipa spika vidonge. Pembeni alikaa Sejal, dada wa duka la vyombo vya muziki Bukoba, mwenye spika zake na kimashine cha kuhesabu.

"Mia mbili na nane," akasema Sejal.

"Mia mbili na nane!" Ishengoma akatikisa kichwa. "Angekuwa mgonjwa, ningekuwa nimeshamwita mchungaji."

Ukumbi ukacheka. Na mimi nikacheka, kwa adabu, kisha nikasimama.

"Shikamoo, mama," akasema, maana nimemtangulia kuzaliwa.

"Marahaba, tata. Kitendawili."

"Mama, hapa ni mashindano."

"Kitendawili!"

"Tega!" ukumbi mzima ukaitika.

"Masika ananikimbia na sufuria zangu, kiangazi anatambaa kama mwenye goti bovu, na jina lake ni lilelile."

"Mbuzi," akasema Ishengoma upesi, kama mtu aliyezoea kuandika dawa bila kumtazama mgonjwa.

"Mbuzi gani huyo mwizi wa sufuria? Nipe mji."

"Haya, Muleba."

"Nilikwenda Muleba, nikakuta kamati imekaa, nikarudi zangu. Ni mto Kanoni. Mbona mvua ikinyesha hamwendi kuubadilisha jina?"

Alisubiri kelele zitulie. "Mama, mto ni mto. Muziki unahitaji vipimo. Na hata huyo mjukuu wako amekiri mwenyewe kwamba alipopunguza mwendo, wimbo ulikufa. Si ndiyo? Basi mwendo ndio wimbo."

Hapo alikuwa na punje ya ukweli, na punje ya mtu simnyimi. "Mwendo ni chumvi, tata," nikamwambia. "Senene bila chumvi hawapiti kooni. Lakini nani amewahi kulamba chumvi akasema amekula senene?" Kisha nikamuuliza, "Wewe umewahi kukanyaga ndizi?"

Akakasirika kabisa. "Mimi? Mtu wa Maruku? Nimekanyaga kabla sijaota ndevu!"

"Wenye karatasi husema hivyo."

"Akanyage! Akanyage!" watu wakapiga makofi.

Akavua viatu. Mzee yule akakunja suruali mpaka magotini, akashika ukingo wa meza kama wakanyagaji wanavyoshika mti, na Kemilembe akauachia wimbo uleule, mbio zilezile. Ndugu zangu, alikanyaga! Makalio nyuma, shingo mbele, jasho puani. Lakini mkanyagaji hakanyagi kila pigo la ngoma. Mguu uliozama kwenye ndizi unataka muda wa kunasuka. Ngoma mbili, mguu mmoja. Ngoma mbili, mguu mmoja. Sejal akaanza kugonga kimashine chake akifuata zile nyayo, akicheka kimyakimya.

"Mwenyekiti," akasema, "miguu yako inasoma mia moja na nne."

Ishengoma akasimama mguu mmoja hewani. "Rudia."

Akarudia. Mia moja na nne, chini kabisa ya ile mia na arobaini ya karatasi yake.

"Wimbo mmoja, spika moja," nikasema. "Nani mwongo, ngoma au goti lako?"

Kamati ikainamiana, wakanong'onezana muda wa kuivisha ndizi sufuria nzima. Kusema karatasi ilikosea hawakuweza. Watu wa karatasi hawafi kifo hicho. Mwishowe Ishengoma akasimama, suruali bado magotini, akatangaza kwamba katika kundi la asili mwendo utapimwa kwa miguu ya mchezaji, na kwamba kamati ilikuwa na wazo hilo tangu mwanzo.

"Kwa hiyo Bukoba naenda?" Kemilembe akauliza.

"Unakwenda, mwanangu."

Ishengoma akavuta fomu, na mahali pa kasi ya wimbo akaandika: *104, kwa mguu wa kushoto wa Mwenyekiti.* Akapiga muhuri. Kisha akamwita Kemilembe kando, nikamsikia akimnong'oneza aurushe tena ule wimbo, maana mguu wa kulia haujapimwa.