Merikebu kwenye Msumari wa Marehemu

Mwanangu Nasuru alirudi kutoka Arua amekumbatia picha kubwa nusu ya mlango. Kesho yake wazee wa mchumba wa binti yake Jamilah walikuwa wanakuja hapa Koboko kuposa, naye alitaka wakute ukuta wa watu walioendelea.

Basi akaishusha tabaga ya marehemu mkewe, akaitundika picha kwenye msumari wake. Kwetu Wanubi tabaga ni kawa ya ukindu wa rangi, ya kufunikia chakula. Mwanamke hushona yake akaitundika kwenye ukuta unaotazama mlango, na mgeni akiiona ameshamjua mwenye nyumba. Jamilah alitaka kitu kimoja tu: aposwe mama yake akiwa pale ukutani. Aliiokota tabaga sakafuni, akaingia nayo jikoni.

"Mama, hii picha Mholanzi alichora zaidi ya miaka mia tatu iliyopita," Nasuru akaniambia. "Ile yenyewe iko Ulaya, hii ni kopi. Ona mwanga!"

Nikavaa miwani. Merikebu chache chini kabisa, na juu yake mawingu, mawingu, mawingu.

"Huyu bwana, bahari ilimwishia?"

"Mama, hiyo ndiyo ufundi. Anga."

"Anga hata uani kwangu iko, tena haitaki kupanguswa vumbi. Na hizi merikebu mbona zimesimama?"

"Upepo umetulia."

"Kumbe. Kama malori pale mpakani Vurra yakingoja forodha. Umewaletea wakwe foleni waitazame."

Akacheka kidogo. Picha hakuishusha.

Wageni walipofika, shangazi wa mchumba, Hajati Kulusum, alikaa mkekani akautazama ukuta muda mrefu.

"Hii maji iko wapi?"

"Uholanzi, Hajati," Nasuru akarukia. "Tazama vile jua linapenya—"

"Jua naona. Mama ya msichana ndiyo sioni. Ama hii nyumba haikuwa na mwanamke?"

Nasuru akaigeukia picha yake. Wanaume wakaanza kurekebisha kofia zao.

Nikaona nimsaidie, maana nilimzaa mimi, na jikoni nilishaona kitu. "Kitendawili!"

"Tega," Hajati akajibu.

"Amelala kaburini, na leo anapokea wageni."

Pazia likafunguka, Jamilah akaingia na sinia ya chakula, na juu yake ile tabaga, nyekundu na kijani. Akapiga magoti, akaiweka mbele ya Hajati. Yule mama hakugusa chakula. Aliinua tabaga akaigeuza, maana ubora wake uko mgongoni, pale ncha za ukindu zinapofichwa. Akapitisha kidole polepole.

"Nani alishona?"

"Mama yangu," Jamilah akasema.

"Basi ametukaribisha. Mpeni nafasi yake."

Hakuna aliyemtuma Nasuru. Alisimama mwenyewe, akazishusha merikebu, akamrudisha mkewe kwenye msumari. Ndipo tukala, ndipo wakasema walilojia.

Siku hizi picha imeegemea mlango wa jikoni kuzuia kuku. Jua la jioni likiipiga, yale mawingu huwaka kweli, sikatai, ila Nasuru simwambii, asije akairudisha. Miaka yote hiyo merikebu hazijafika popote. Sasa angalau jogoo wangu anaziogopa.