Sura za Magazeti

Likizo ndefu ni adhabu wanayopewa watu wazima kwa kosa la kuwa na baraza. Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu naifanyia barazani, na shule zikifungwa watoto wa jirani hunijia kama walioitwa. Mwaka huu joto lilikuwa halina mfano. Barabarani hawakuweza kucheza mchana, basi wakawa miguuni kwangu, wanaokota pini, wanachezea pedali, wanauliza maswali. Nikaona heri niwape kazi kabla sijamshonea mtu shati la mikono mitatu.

Wa kwanza alikuwa Bonge, anayelelewa na bibi yake nyumba ya pili. Wa pili binti wa Nesi, kutoka ng'ambo ya barabara. Huyo tulimwita Mwanasheria, kwa sababu hata ukimwambia jua limezama atataka ushahidi. Wa tatu alikuwa wangu, Kifungo. Alipokuwa anatambaa alimeza kifungo cha koti la mteja, na jina likamganda. Nikisema wangu, najua ninachosema. Mama yake, mdogo wangu wa mwisho, alifariki akimwacha bado ananyonya, na mimi ndiye niliyemlea. Ananiita Mama Mkubwa.

Baba yake, shemeji yangu, ni fundi umeme katika mji mwingine. Ameoa tena, ametulia, na kwa muda sasa alikuwa anamtaka mwanawe. Nilimjibu kwamba mtoto si mwavuli, unausahau kwa watu halafu unaukumbuka mvua ikianza. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Waliosema hivyo hawakuwahi kukesha na mtoto mwenye homa ambaye hawakumzaa.

Basi, tukaanza. Tulitengeneza vikaragosi kwa soksi zilizofiwa na wenzao. Tukatunga mikufu ya vifungo, tukaunda magari ya maboksi. Vyote vikaisha haraka, kwa sababu watoto wana mikono miwili na haraka kumi. Ndipo nikakumbuka vinyago vya kuvaa usoni, kazi isiyotaka chochote ila magazeti ya zamani na unga wa ngano. Unakoroga unga na maji juu ya moto mdogo mpaka uwe mzito kama uji wa mgonjwa. Mtoto analala chali mkekani, unampaka mafuta ya mgando usoni ili karatasi isimng'ang'anie. Halafu unachana gazeti vipande vyembamba, unavichovya, unavibandika tabaka juu ya tabaka, ukiacha matundu ya macho, pua na mdomo. Ikishika kidogo unaibandua na kuianika. Kazi ni rahisi. Kumtuliza Bonge ndiyo ngumu.

Vinyago vitatu vikakaa dirishani, juu ya ubao wangu wa kukatia nguo. Kesho yake nilipovichukua nilidhani kuna mtu amevichezea. Cha Bonge kilikuwa kimebonyea mashavu, na mashavu ya Bonge kila mtu anayajua. Kope moja ilikuwa imelegea, na mistari miwili ilishuka kutoka puani mpaka kidevuni. Cha Mwanasheria kilikuwa na paji lililokunjamana na ngozi iliyoning'inia chini ya taya. Cha Kifungo kilikuwa Kifungo mwenyewe. Laini kama yai, na hata uvimbe wa mbu alioamka nao juu ya nyusi ulikuwa mahali pake.

Nilijiambia ni gundi. Kitu kilicholowa kikikauka hupungua, kila mshonaji analijua hilo. Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Bonge alikivaa chake akakimbia kumwonyesha bibi yake, na muda si mrefu bibi mwenyewe akaja, kichwa wazi, hajavaa hata viatu.

"Sura ya mume wangu mmeitoa wapi?" akaniuliza.

"Ni karatasi tu, mama."

"Nimeishi na ile kope mpaka tulipomzika," akasema. "Usinifundishe."

Nesi naye alipopita kutoka kazini alishika kile cha binti yake, akakigeuza kwenye mwanga, akasema huyu ni mama yake mtupu, bibi wa yule binti. Akacheka, ila alikirudisha haraka.

Kifungo alikuwa amenuna pembeni. "Mama Mkubwa, mbona mimi sizeeki?"

"Utazeeka tu. Uzee haumsahau mtu."

Hata hivyo nilimfanyia kingine. Safari hii gundi ilikuwa nyepesi. Kikakauka kikiwa Kifungo. Nikafanya cha tatu kwa gundi nzito, nikakianika kivulini, mbali na dirisha. Kifungo tena, yule yule, mtoto wa leo. Nikamlaza Bonge, nikafanya cha kwake upya ili nilinganishe. Asubuhi yule mzee alikuwa amerudi, na kope yake na mashavu yake. Hapo nikaacha kulaumu gundi: wenzake walikuwa na uzee wa kuonyesha, yeye hana.

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Lakini nilimtazama mtoto yule akila, nikaona shingo yake jinsi ilivyo nyembamba, na roho ikaniuma. Nikaanza kumchunga. Barabara asivuke. Kisimani asikaribie. Mkasi wangu mkubwa nikauweka juu ya kabati, pasi nikawa naichomoa hata nikigeuka kidogo. Akikohoa naruka. Wenzake wakienda kununua barafu dukani, yeye anabaki kunishikia futi.

"Nimefanya kosa gani?" akaniuliza.

"Hakuna kosa. Kaa hapa nikuone."

Akakaa, lakini akawa kama ua lililofungiwa chumbani. Moyoni nilijisifu. Nilidhani mkono wangu ndio ngao yake.

Watoto hawakosi mchezo. Wakabuni wa kwao: wanavaa vinyago na kuwa wazee. Bonge anashika kiuno na kulalamika mgongo, Mwanasheria anakohoa na kulaani vijana wa siku hizi. Kifungo, kwa kuwa kinyago chake hakikuzeeka, akapewa kazi ya mtoto wa kutumwa. Mchana mmoja wakamtuma maji ya kunywa ndani. Mimi nilikuwa kwenye cherehani napinda suruali. Nikasimamisha gurudumu ili nikate uzi, na barazani kukawa kimya.

"Hapa ndipo palipokuwa na baraza la yule fundi," akasema Mwanasheria. Sauti ilikuwa yake, ila ilikwenda polepole, kama mtu anayetafuta njia aliyoisahau.

"Nakumbuka," Bonge akajibu. "Yule mama alikuwa na ulimi!"

"Na mtoto wake. Tulikuwa tunamwitaje vile?"

"Kifungo." Bonge akashusha pumzi, pumzi ndefu ambayo kifua chake hakikuwa na nafasi yake. "Maskini. Alikuwa mdogo bado."

"Waliondoka pamoja, wale. Siku moja. Mpaka leo nikipita hapa nageuza uso."

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka nimeshika vinyago vyote viwili mkononi, na nyuso mbili za watoto zinanitazama, zimelowa jasho.

"Mmesema nini?"

"Tunacheza tu," akasema Bonge.

"Maneno hayo nani kawafundisha?"

"Maneno gani?" akauliza Mwanasheria. Mtoto yule angeweza kubishana na ukuta, lakini siku ile swali lake halikuwa ubishi. Alikuwa haelewi naongea nini. Akaanza kurudi nyuma, nikamwacha.

Kifungo akatoka ndani na jagi limejaa, amelikumbatia kwa mikono yote miwili. "Wazee, maji yenu," akasema.

Niliwarudisha wenzake makwao. Kisha nikalala mkekani, nikamwambia Kifungo na mimi anifanyie changu. Alifurahi! Kwa siku nyingi hakuwa ametabasamu vile. Akanipaka mafuta kwa vidole vyake vidogo, akaanza kubandika vipande kuanzia kwenye paji, kama nilivyomfundisha.

"Usicheke, Mama Mkubwa, utakiharibu."

"Sicheki."

"Mbona machozi?"

"Gazeti lina wino. Unawasha."

Asubuhi nilikwenda dirishani kabla hajaamka. Kinyago kilikuwa kimekauka vizuri. Mikunjo yangu ilikuwa ile ile niliyolala nayo, hakuna hata mmoja ulioongezeka. Kwenye kona ya mdomo kulikuwa na kile kishimo ninachokipata kwa kushikilia pini. Ilikuwa sura yangu ya jana. Basi, mimi naye tulikuwa na safari moja, na mimi nilikuwa nimemfungia kando yangu, nimemshika kwa nguvu zangu zote.

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani. Barabara haikuwa na kosa, wala kisima, wala pasi. Waliondoka pamoja, walisema. Nilifikiria kuhama naye, twende mbali, lakini mtu akihama na kivuli chake amekimbia nini? Nikachukua simu, nikampigia mtu niliyeapa kwamba nikimpigia mimi, jua litoke magharibi.

"Shemeji," nikasema. "Njoo umchukue mwanao."

"Shemeji, kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Njoo leo."

"Leo? Si ulisema mpaka wewe ufe?"

"Nimesema njoo," nikamkatiza.

Alikuja jioni ile ile kwa gari la kazini, ngazi bado imefungwa juu. Nilikuwa nimeshapanga nguo za Kifungo kwenye begi. Mtoto alisimama mlangoni, anatazama begi, ananitazama mimi.

"Nimekosa nini, Mama Mkubwa?"

Hapo ndipo pagumu. Ningemwambia ukweli asingeondoka. Ninamjua, angeshika mguu wa cherehani na asingeng'oka, angesema kama ni kufa tufe wote, kwa sababu ndivyo nilivyomlea. Kwa hiyo nilijikaza, nikaangalia kitambaa kilichokuwa mbele yangu.

"Hujakosa. Nimechoka kulea," nikasema. "Nimekuchoka."

Hakulia. Heri angelia. Alibeba begi lake mwenyewe, akapita mbele yangu bila kunigusa, akapanda gari na kukaa akitazama mbele. Nilikuwa na umri wa kutosha kumzaa mama yake, na sijawahi kuumia vile, hata siku tulipomzika huyo mama yake.

Nilimpa shemeji mfuko wenye magazeti, unga na kopo la mafuta. Nikamweleza hatua kwa hatua, nikamtaka arudie kama mwanafunzi. "Akishazoea kidogo, mfanyie kinyago. Kikikauka, nipigie. Usipofanya nitakuja huko mwenyewe, na hutapenda."

"Shemeji, una uhakika uko sawa?"

"Kopo nirudishie," nikasema. Nisingeweza kusema jambo jingine bila kulia.

Baraza likawa kubwa. Bonge na Mwanasheria walikuja, wakauliza, nikawafokea, wakaacha kuja. Nilijifanyia kinyago kingine, peke yangu, kwa kupapasa. Labda, nilijidanganya, tukitengana tumepona wote. Kikakauka na sura yangu ile ile, na kishimo cha pini. Niliogopa, sitasema uongo. Nililala mchana kutwa nimejifunika shuka katika joto lile. Kisha nikaamka nikamalizia suruali za watu, maana mteja hajali habari zako, anajali Jumamosi.

Simu ililia nikiwa napima pindo.

"Shemeji, nimefanya kama ulivyosema," akasema. "Lakini kitu chenyewe kimeharibika. Pole. Labda nilizidisha maji."

"Kimeharibikaje?"

"Kimekunjamana chote. Wote tumeshangaa hapa."

Nilisimama. Futi ikaanguka. "Kimekunjamana wapi? Niambie polepole. Usiruke kitu."

"Kwenye macho, pembeni. Mistari mingi, kama ya mtu aliyecheka sana. Shingo imelegea. Mashavu yameshuka. Kwa kweli nilishtuka. Nilidhani ni marehemu mama yenu ananitazama. Siku zake za mwisho, alivyokuwa mzee kabisa."

Nilipiga kigelegele. Peke yangu, barazani, jua la mchana, mpaka Nesi akafungua dirisha upande wa pili na bibi yake Bonge akatoka nje. Nilipiga tena. Shemeji alikuwa anaita kwenye simu, halo, halo, akidhani nimerukwa na akili.

"Nipe nizungumze naye," nikasema nilipopata pumzi.

Nikasikia hatua zake, nikasikia mlango. Kisha, kwa mbali, ile sauti ninayoijua kuliko yangu, kali kama wembe, inasema hataki. Inasema hana mama mkubwa. Shemeji akarudi anatafuta maneno ya kupoza.

"Amekataa, Shemeji. Ana hasira bado. Anasema ulimwambia umemchoka."

"Ni kweli nilimwambia."

"Usijali. Ni mtoto tu. Atakuelewa akikua."

Nilishika ukingo wa cherehani.

"Sema tena," nikamwambia.

"Nini?"

"Hilo la mwisho. Lirudie."

"Nimesema atakuelewa," akasema Shemeji, taratibu, kama unavyosema na mgonjwa. "Akikua."