Chembe Zake, Chembe Chake

Gunia lile la muhogo nililileta mimi. Ilikuwa mwaka wa njaa, sabini na nne. Nilitoka Kisarawe kwa miguu, nikapita mashamba ambayo wenyewe walikwisha kuhamishiwa kwenye vijiji vipya. Muhogo umesimama, hakuna wa kuuchimba. Nikachimba. Ulikuwa ule mchungu, wa kulowekwa siku nne ndipo uliwe, na hilo nilimwambia Zubeda, mjane wa kijiji cha Dutumi aliyenipa pa kulala kibarazani kwake.

"Siku nne tutakula nini, kaka Abeid? Maji ya kulowekea?"

Fungu moja akaliloweka usiku mmoja tu. La pili akalikata vipande vyembamba, akalianika kutwa nzima, akalitwanga unga kabla halijakauka vizuri. Kesho yake mchana akachemsha lile lililolowekwa. Mimi na yeye tulipata kizunguzungu. Lakini mwanawe Sikuzani, mtoto wa miaka minane, alikuwa hajatia kitu tumboni tangu juzi, naye alikula zaidi yetu. Alitapika. Kisha akaanza kuhema kama aliyetoka mbioni, na huku amelala.

Nilimkimbilia jirani, Mwinshehe, mwenye baiskeli.

"Ukiivunja, uende zako moja kwa moja kama kawaida yako ya kuhama kijiji hadi kijiji," alisema, na huku anaitia upepo.

Zahanatini nilimkuta mganga, Lucian, kijana aliyetoka kwenye mafunzo mwaka uleule. Nilipotaja muhogo alisimama.

"Anahema lakini hapati nafuu, siyo? Sikiliza, mzee. Mwili wote ni chembe hai, ndogo hazionekani. Kila chembe ina majiko ndani yake, yanaitwa mitokondria. Chakula ndio kuni, hewa ndiyo inayowasha. Sasa sumu ya muhogo mchungu imeziba majiko. Hewa inafika mlangoni, jiko haliipokei. Mtoto ana hewa tele na chembe zake zinazimika. Umenielewa?"

Nilisema ndiyo. Kisomo cha watu wazima nimekisoma vijiji vitatu na hakuna nilipokimaliza, ila neno jiko nalijua.

"Asile tena muhogo ule. Mimi natafuta gari, nakuja tumpeleke Kibaha."

Njia nzima nilikuwa nayasema yale maneno yasinipotee. Chembe, jiko, kuni. Nilipofika Zubeda alikuwa amempakata mwanawe, uso wa mtoto umeiva kwa wekundu, midomo haikuwa ya buluu kama ya mtu aliyekosa pumzi.

"Amesema nini?"

"Amesema chembe zake zinazimika. Ni kama jiko. Chakula ndio kuni."

"Chembe chake," alisema Zubeda, akamgusa pale chini ya kifua, mbavu zinapokutana. "Nilijua. Chembe cha moyo kimepoa. Hata mama yangu kilimpoa hivi, akapewa uji wa moto, akainuka."

Lucian alisema zake. Yeye anasema chake. Nilisikia tofauti na nikaiacha ipite, maana chembe cha moyo nakijua kiliko, na zile nyingine sijapata kuziona.

"Amesema asile muhogo," nilikumbuka.

"Nimekwisha kuumwaga, sufuria nzima. Huu ni unga."

Akakoroga uji. Mimi ndiye niliyeshika kijiko. Sikuzani alikataa, nikambembeleza, nikamwambia, "Kunywa, mama, tuwashe jiko." Alikunywa nusu kikombe. Nikahesabu vijiko, nikafurahi.

Lucian alikuja na Land Rover ya katibu kata jua linaelekea kuzama. Alinusa kile kikombe, akanitazama. Akaninong'oneza, Zubeda asisikie, kwamba unga nao ni muhogo uleule. Ndani ya gari alikuwa anampulizia mtoto hewa mdomoni, na kifua kilipanda kila mara, kikashuka, kikapanda. Tulipofika Kongowe kikabaki chini. Hospitali hatukuifikia.

Tulimzika kesho yake. Watu walikuwa wamekaa matangani na hawakuwa na kitu cha kula, wao na watoto wao. Zubeda akainuka mwenyewe, akaniambia, "Kaka Abeid, ule unga uliobaki guniani nisaidie kuutoa. Wageni hawawezi kulala hivi."

Nilikuwa nimeazimia kutomwambia. Ningeondoka alfajiri, na yeye angebaki na chembe cha moyo na amri ya Mungu. Lakini pale uani niliwaona watoto wa watu, tisa au kumi, wanaliangalia jiko.

"Unga huo haupikwi, dada."

"Kwa nini?"

"Ni muhogo uleule. Kuutwanga hakuutoi sumu."

Alibaki ameshika mdomo wa gunia. Wanawake wawili waliokuja na sufuria wakasimama.

"Mganga alijua?"

"Alijua. Na hakusema chembe cha moyo. Alisema chembe za mwili mzima. Mimi ndiye niliyekuletea neno nusu."

"Na mimi nikapika."

"Nami nikamnywesha."

Hakulia. Alilifunga gunia mafundo mawili, akaniomba jembe. Tulichimba shimo nyuma ya choo, yeye anachimba, mimi natoa mchanga, na watoto wamesimama wanatuangalia tukifukia chakula.