Harambee Bila Kipaza Sauti

Kama kuna mtu aliyezaliwa kwa ajili ya kipaza sauti katika upande wote wa Sigowet, basi ni Mzee Kipngeno, mwenyekiti wa kamati ya zahanati. Mwekee umati mbele na kikapu mezani, naye atakamua pesa hata kwa mtu aliyekuja kutafuta ng'ombe wake aliyepotea. Anakutaja jina, anamtaja baba yako, anataja na ekari zako za majani chai, kisha anatangaza ulichotoa kwa sauti inayofika ng'ambo ya bonde. Ukitoa kidogo, bonde zima linajua. Watu walimpenda na walimwogopa.

Tecla, muuguzi wa zahanati hiyo, alimpenda tu, maana wamefanya kazi pamoja miaka mingi. Lakini ile Ijumaa ya Agosti, mwaka wa tisini na sita, alitamani kumkaba koo.

Shida ilikuwa chumba. Zahanati haikuwa na mahali pa kujifungulia, na akina mama walipelekwa Kericho kwa barabara ambayo mvua ikinyesha hugeuka uji. Mwaka uliotangulia, Amondi, mkaza mwana wa Dorcus muuza dagaa wa omena, alishikwa na uchungu usiku wa mvua. Pick-up ikakwama. Mtoto akazaliwa juu ya turubai, mikononi mwa Tecla, na hakulia. Tecla hajawahi kusahau jinsi Dorcus alivyomfunika yule mtoto na sweta yake mwenyewe, kana kwamba baridi bado ingemdhuru. Sasa Amondi alikuwa mjamzito tena, na Tecla alikuwa ameapa mbele ya Dorcus kwamba huyu atazaliwa chini ya paa. Kuta za chumba zilikuwa zimekwisha kusimama. Mabati, sakafu, madirisha na kitanda vilingoja harambee.

Kuta zenyewe, pamoja na dawa na mshahara wa muuguzi wa pili, zilitoka kwa chama kidogo cha Wayahudi wa Nairobi. Walikuwa familia chache tu. Kila mwaka mmoja wao, Mama Lea, alikuja na Peugeot yake kuukuu kuangalia kazi inavyoendelea. Alikuwa amezaliwa Nakuru na Kiswahili alikisema bila wasiwasi, makosa yakiwemo. Siku moja Tecla alimuuliza wanachangaje. Mama Lea akamweleza kwamba kila nyumba ina kopo jikoni, na Ijumaa kabla jua halijatua, kabla ya kuwasha mishumaa ya Sabato, kila mtu hutia chochote, hata mtoto. Mara moja kwa mwaka akina mama huoka keki na kuuza nguo walizochoka nazo. Kisha makopo yote humwagwa pamoja, na hakuna ajuaye nani alitia noti na nani alitia senti.

"Kwetu sadaka nzuri ni ile mtu anatoa bila kujua nani atapata, na yule anapata bila kujua nani ametoa," alisema. "Hakuna mtu anaona haya."

Jambo hili lilimsumbua sana Mzee Kipngeno. Nchi hii hata choo cha shule kina kibao cha aliyekijenga! Mara tatu alichora kibao cha kuwashukuru, na mara tatu Mama Lea alimwomba akitoe. Kwa hiyo mwaka huu alikata shauri kumpa mgeni heshima ambayo hangeweza kuikataa. Barua iliyokwenda Nairobi ilisema harambee ni mwisho wa wiki, na Mama Lea akachukulia ni Jumapili. Akafika Ijumaa alasiri, apumzike Jumamosi kama dini yake inavyomtaka. Ndipo akaliona tangazo limebandikwa mlangoni mwa zahanati. Harambee ilikuwa kesho.

Tecla alimkuta Mzee Kipngeno akisimamia watu wanaofunga turubai.

"Mzee, kwa nini Jumamosi?"

"Sista, mimi nilifanya utafiti," alisema, uso wote ukitabasamu. "Niliuliza pastor. Wayahudi siku yao takatifu ni Saturday. Sasa sisi siku takatifu tunatoa sadaka, ama hatutoi? Mtu akitoka kanisa bila kutoa, si anasikia vibaya? Huyu mama nimempea siku yake. Hiyo ni heshima kabisa."

Utamgombeza vipi mtu kama huyo? Alikuwa amefikiri kwa moyo wake wote, na alikuwa amekosea kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mama Lea alipoelezwa alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha kicheko kikaisha.

"Tecla, kesho mimi sishiki pesa. Hata kutoa kwa mfuko siwezi. Hata kuongea na hiyo kipaza sauti siwezi."

Kuahirisha hakukuwezekana. Mbuzi walikuwa wamenunuliwa, makanisa yametangaziwa, na mashemeji wa Mzee Kipngeno walikuwa wamekwisha kufika kutoka Chepilat na kula chakula cha mchana. Na kila mtu anajua harambee inavyokwenda. Mgeni wa heshima hutangulia, na wengine hupima mifuko yao kwa mkono wake. Mgeni akitoa, watu hushindana. Asipotoa, kila mtu hufunga kibindo na kungoja nyama.

Jua likiwa limebaki kidogo, Mama Lea alifungua mkoba akatoa bahasha.

"Shika sasa, kabla jua halijalala. Hii ni ya watu wa chama. Utaweka kesho kwa kikapu, lakini usiseme imetoka kwa nani. Niahidi."

Tecla akaahidi, kisha akajuta kabla hajaifunga bahasha ndani ya kabati.

Chakula cha jioni nacho kilikuwa mtihani. Tecla aliogopa kumpikia mgeni kitu cha haramu, akaishia kumchemshia mayai na viazi vya Londiani. Mama mkwe wake, Kogo Jerusa, yaani Bibi Jerusa kwa Kikalenjin, hakufurahia. Mgeni wa kutoka mbali ale mayai kama mtoto mgonjwa? Akaleta kibuyu cha mursik, maziwa yake ya kugandisha yaliyotiwa mkaa, akataka na kuku achinjwe hapo hapo. Mama Lea akamweleza kwa upole kwamba kuku angekuwa na shida yake ya kuchinjwa, na hata angekuwa hana, kwao nyama na maziwa haviliwi pamoja.

Kogo Jerusa akaweka kibuyu chini.

"Nani alikufundisha hiyo?"

"Ni sheria yetu ya zamani, Kogo."

"Hata sisi! Zamani, mtu akila nyama, maziwa hagusi mpaka kesho. Hawa watoto siku hizi wanachanganya tu kama nguruwe." Akamgeukia Tecla. "Si unasikia? Huyu ni mtu wetu. Ukoo gani huyu?"

Kuanzia hapo Mama Lea alikuwa mali ya Kogo Jerusa. Walikaa karibu na mishumaa yake miwili, wakiwasema vijana wa leo kila mmoja kwa Kiswahili chake kibovu, na Tecla angefurahi sana kama si ile bahasha kabatini.

Jumamosi watu walijaa. Kwaya iliimba, mashemeji wa Chepilat walikaa mbele, na moshi wa mbuzi ulizunguka turubai na kuwapa watu subira. Mzee Kipngeno akashika kipaza sauti, akamsifu mgeni mpaka mgeni akainama kwa aibu, kisha akamwita mezani afungue harambee.

Mama Lea akasimama alipokuwa. Akasema kwa sauti yake mwenyewe, "Asanteni sana. Leo ni siku yangu ya kupumzika. Sishiki pesa." Akakaa.

Minong'ono ikaanza.

"Ati hashiki pesa? Na Peugeot anashika?"

"Amekuja mkono mtupu!"

Mzee Kipngeno alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake kipaza sauti kilitoa mlio wa nyaya peke yake. Alimwangalia Mama Lea, akaangalia kikapu kitupu, akaanza kupangusa jasho. Tecla aliona mwanamume mmoja anarudisha noti mfukoni, na wa pili, na wa tatu. Bahasha ilikuwa ndani ya mkoba wake. Kuinyanyua juu na kusema neno moja kungetosha kuiokoa siku yote. Moyo ulimuuma kwa hasira: hasira kwa Mzee Kipngeno, hasira kwa Mama Lea na ahadi yake, na hasira kwake mwenyewe aliyeikubali. Mtoto wa Amondi hangengoja harambee nyingine.

Akageuza uso ili asilie mbele za watu, na hapo ndipo alipomwona Dorcus. Alikuwa amesimama nje ya ua, beseni la omena kichwani, kama alivyosimama katika kila harambee. Tecla aliwahi kumuuliza kwa nini haingii. "Sista, nikitoa kidogo watacheka," alijibu Dorcus. "Nikitoa mingi watacheka pia, halafu watauliza Mjaluo ametoa wapi." Mwaka wa tisini na mbili, wakati wa zile fujo za kikabila, kibanda chake kilichomwa. Alikuwa amerudi na kuanza upya, lakini kutajwa jina na kipaza sauti katikati ya umati ule ni kitu asichokitaka tena.

Tecla alimtazama Dorcus, akamtazama Mama Lea. Wote wawili walikuwa wamezuiwa na meza ileile.

Akaenda mezani akakichukua kikapu.

"Sista, unapeleka wapi?" Mzee Kipngeno alinong'ona, na kipaza sauti kikakisambaza kinong'ono chake hadi barabarani.

"Zima hiyo kitu, Mzee."

Alikibeba kikapu mpaka kwenye chumba kisicho na paa, akakiweka juu ya tofali katikati, kisha akatundika shuka la zahanati mlangoni. Akawageukia watu.

"Watu wangu, hiki ndicho chumba tunataka kumaliza. Leo kila mtu aingie peke yake akione. Ukitaka kuweka kitu, weka. Kama huna, angalia tu, omba, utoke. Hakuna mtu atakuuliza, na hakuna jina litasomwa. Hata mimi sitajua."

"Unaua harambee!" Mzee Kipngeno alisema. "Bila jina, mtu atatoa nini?"

"Imeshakufa, Mzee. Mimi najaribu kuifufua."

Hakuna aliyesogea. Tecla alihesabu kwamba amejiaibisha kwa miaka kumi ijayo. Ndipo Mama Lea akainuka. Alipita katikati ya watu, mikono mitupu imening'inia pembeni, akainua shuka akaingia. Wote walijua hana kitu. Alikaa ndani kidogo, akatoka, akarudi kwenye kiti chake uso ukiwa mtulivu, na hakuna aliyecheka, kwa maana kila mmoja pale alikumbuka harambee aliyoikimbia kwa sababu mfuko ulikuwa mkavu.

Kogo Jerusa akafuata na fimbo yake. Halafu wazee wawili. Halafu foleni ikajipanga yenyewe, na ndani yake walikuwamo watu ambao Tecla hakuwahi kuwaona kwenye harambee yoyote: wachuma majani chai, wajane, msichana aliyefukuzwa shule kwa karo. Waliingia, wakatoka, wengine wakipangusa macho. Mzee Kipngeno naye aliingia kwa hatua kubwa, akatoka na kuanza, "Mimi mwenyekiti wenu nimetoa—" na umati mzima ukamzomea kwa kicheko mpaka akacheka mwenyewe, akaenda kukaa. Ilipofika zamu yake, Tecla akaitumbukiza bahasha.

Wa mwisho alikuwa Dorcus. Alitua beseni lake nje ya mlango, akajifunga leso vizuri, akaingia. Alikawia. Watu walikuwa wamekwisha kuifikia nyama alipotoka, akajitwika beseni, akaenda zake bila kumuaga mtu.

Kikapu kilipofunguliwa kilikuwa na noti zilizokunjwa mpaka zikawa kama punje za mahindi, na sarafu nyingi, na hakuna aliyeweza kusema ipi ni ya nani. Bahasha ya Nairobi ilikuwa imefunguka ikachanganyika na nyingine. Mzee Kipngeno alimwaga vyote mezani mara mbili, akakuna kichwa, akakiri kwamba pesa inatosha mabati, na ya saruji itabaki.

Amondi alijifungua Novemba, mchana, mvua ikipiga mabati kwa nguvu mpaka Tecla alilazimika kupaza sauti kumwambia asukume. Mtoto wa kike. Alilia kabla hajatoka vizuri, akaendelea kulia kama aliyekuja na malalamiko, na Tecla akalia pamoja naye bila kuona haya.

Dorcus alipoitwa ndani alisimama mlangoni kwanza. Kisha akampokea mtoto, akamtazama vidole, akamtazama masikio.

"Sista, nataka apate jina la yule alijenga hii nyumba," alisema. "Sisi tunafanya hivyo. Nani nimshukuru?"

"Sijui, Mama. Ukweli wa Mungu, sijui. Tulikuwa wengi."

"Hata mmoja? Wewe si ulikuwa hapo?"

"Mmoja namjua," Tecla alisema. "Alisimama nje ya ua kutoka asubuhi. Aliingia wa mwisho."

Dorcus aliinua macho kwenye mabati. Mvua ilikuwa bado inapiga juu yao.

"Yangu ilikuwa kitu kidogo sana, Sista."

"Sikuuliza ilikuwa ngapi."

Dorcus akaketi ukingoni mwa kitanda, akakaza mikono kumzunguka mtoto. Akamwinamia mjukuu wake sikioni na kumwambia polepole, kama mtu anayejitambulisha kwa mgeni, "Dorcus. Nyathina, mtoto wangu, unaitwa Dorcus."