Kioo cha Fundi Saa

Fundi saa alijifunza lugha ya kigeni peke yake, kwa vitabu vya kuokoteza, na hakuamini kama kuna njia nyingine. Bintiye wa miaka sita alikuwa na mtihani wa kusoma Jumatatu. Akifaulu angeingia shule inayofundisha kwa lugha hiyo. Asiyefika husubiri mwaka mzima. Basi kila alasiri, wateja wakipungua, baba alimpakata mbele ya meza ya kazi, wakasoma kitabu kile kile cha bata aliyepoteza kofia. Baba sentensi moja, mtoto sentensi moja, baba akikitembeza kidole cha mtoto chini ya maneno. Utaratibu wake ulikuwa huo: kitabu kimoja mpaka kiive.

Na kiliiva. Kufikia Ijumaa mtoto alimaliza kurasa zote kumi na mbili bila kukwama, na kila aliyeleta saa alisimuliwa.

Jumamosi akaja shangazi mtu, mwalimu wa chekechea, na kitabu kipya. Alisema bata huyo sasa hata yeye anamwota.

"Haya, mama, tusomee hiki."

Mtoto akakifungua, akaweka kidole, akasoma bila wasiwasi. Bata alipoteza kofia. Bata alikwenda mtoni.

Ukurasa ulikuwa na picha ya treni.

Shangazi akacheka. Fundi hakucheka. Aliona kidole cha mwanawe kikiteleza chini, mbali na maandishi, juu ya karatasi tupu, na mwenyewe hana habari. Akamwuliza taratibu anaona nini pale.

"Mistari myeusi. Kama ya kwenye kile kingine."

"Sasa unajuaje inasema nini?"

"Si wewe huwa unaniambia?"

Kwa miaka ishirini fundi huyu alikuwa akisaka chembe za vumbi ndani ya saa za watu.

"Kinyozi hajinyoi, kaka," shangazi akasema, kicheko kimemkauka.

Fundi akachukua kioo cha kukuzia anachobana jichoni akiwa kazini, akakishika mbele ya jicho la mtoto, akakisogeza kitabu karibu. Mtoto akaanza kugusa karatasi kwa ncha ya kucha: hapa, na hapa, na hapa.

"Baba," akanong'ona, "kumbe mstari una vipande vipande?"

Fundi akamfunulia ukurasa unaofuata.

Jumatatu hawakwenda kwenye mtihani. Walikwenda kwa daktari wa macho, mtoto amekibana kitabu cha treni kwapani, akiuliza njia nzima kinasema nini.